Nambari ya Leseni ya Nahodha Wangu

Nilipokwenda Kigali kuomba leseni ya unahodha nilikuwa nimeshika usukani miaka tisa, na mjini sikumjua mtu hata mmoja. Ilikuwa mwanzoni mwa 1992. Mwenye boti letu la mizigo katika Ziwa Kivu alikuwa amenunua boti la pili, akataka mimi niliongoze, lakini boti la biashara haliongozwi na mtu asiye na karatasi. Nahodha aliyenifundisha kazi alinijazia kitabu cha huduma, kile kinachoorodhesha muda niliofanya kazi, akatia sahihi kila ukurasa na kuandika nambari ya leseni yake. Akanisindikiza hadi kwenye basi pale Gisenyi, akaniambia nisiwaogope watu wa ofisini, kwa kuwa ziwa nalijua kuliko wao.

Nilipanga chumba Kabeza, mtaa mmoja wa Kigali, nyuma ya kibanda cha mama mmoja mshonaji, mjane. Masharti yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani: cheti cha daktari cha macho na masikio, cheti cha tabia njema kutoka komini, yaani serikali ya eneo letu, uthibitisho kwamba najua kuogelea, miezi kumi na minane ya huduma chini ya nahodha mwenye leseni, na mwisho mtihani wa mdomo. Kila karatasi ilikuwa na foleni yake. Vita vilikuwa kaskazini, na mtu aliyetoka upande wa mpaka, tena ambaye Kiswahili kinamtoka kabla ya Kinyarwanda, alitazamwa mara mbili. Nikajifunza kunyamaza. Zilipita siku ambazo neno langu pekee lilikuwa salamu kwa mama mwenye nyumba.

Mtihani ulinipendeza. Ofisa alikuwa mzee mpole mwenye miwani. Aliniuliza ukungu ukishuka nafanya nini, boti linalotokea kulia kwangu nalipisha vipi, shehena ikihama upande mmoja naanza na lipi. Nilijibu bila kufikiri. Alitabasamu, akafungua rejesta kuhakikisha nambari iliyokuwa kwenye kitabu changu. Akaisoma, akafunua ukurasa mwingine, akairudia.

"Nambari hii si ya mtu huyu," alisema. "Mwenyewe amekufa zamani."

Nilimwambia labda karani aliyeandika rejesta amekosea. Akanigeuzia rejesta nione mwenyewe. Jina la ukoo lilikuwa lile lile, jina la kwanza lilikuwa jingine. Alinieleza taratibu kwamba huduma chini ya mtu asiye na leseni haihesabiwi, hata iwe ya miaka tisa. Kisha akakisogeza kitabu kuelekea kwangu.

"Bado sijakiandikisha. Ukikichukua, ni kama hukukileta, utaanza upya kwa nahodha mwingine. Ukikiacha, itanibidi nikipeleke mbele, na huyo mzee ataulizwa."

Nilikichukua. Nilitoka nikiwa nimekificha ndani ya shati kama mtu aliyeiba.

Kurudi Gisenyi sikuweza. Ningemwambia nini mwenye boti? Na mzee wangu, nahodha aliyenifundisha, ningemtazamaje? Mama mshonaji aliponiona nimekaa siku nne bila kwenda mjini, hakuniuliza. Alinipa pasi ya mkaa na rundo la sare za shule. Basi nikawa mpiga pasi. Mzee alikuwa akinitumia salamu kwa madereva wa mabasi, akiuliza leseni imefikia wapi, nami nikimjibu kwamba karatasi zimechelewa. Jumapili nilipanda kilima cha Rebero kwa miguu, nikakaa juu kuutazama Mto Nyabarongo bondeni, maji ya rangi ya udongo yasiyopitiwa na chombo hata kimoja. Nilikuwa na siri ambayo haikuwa yangu, na katika mji mzima hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Mwezi wa tatu wa kukaa kwangu, mzee alitokea Kabeza mwenyewe. Alisimama mlangoni akiwa na koti lililokunjamana kwa safari, akanikuta napiga pasi. Mama mshonaji alimpa kiti, akatuacha.

"Wamekuonyesha rejesta," alisema.

"Walinionyesha, mzee."

"Na hukusema kitu."

"Ningesema nini?"

Ndipo akanieleza. Leseni ilikuwa ya kaka yake, aliyekufa kwa homa. Mtihani wa zamani ulikuwa wa kuandika, kwa Kifaransa, naye hakuwahi kusoma. Alichukua karatasi ya marehemu akaenda nayo kazini, na kwa kuwa boti halikuzama, hakuna aliyeiangalia tena. Aliponijazia kitabu alitumaini kwamba Kigali nako hawataangalia. Salamu zangu za kuchelewa zilipozidi, akajua.

"Nimekula miaka yako tisa, mwanangu," alisema. "Nisamehe."

Nilimwomba avue koti, nikalipiga pasi.

Asubuhi alikwenda ofisini peke yake, alikataa nimfuate. Alirudi baada ya adhuhuri. Walimwandikisha hati kwamba hataongoza tena chombo cha biashara, naye akatia sahihi, safari hii kwa jina lake. Alisema ana njaa. Tulikula maharage na ndizi, na kesho yake nikampeleka kwenye basi. Nilitaka kumwambia kwamba nimemsamehe. Nilimwambia afunge dirisha, vumbi ni jingi.

Mimi nilikwenda Cyangugu, kusini mwa ziwa lile lile, ambako nahodha mwenye leseni alikuwa akitafuta mtu wa kufunga na kufungua kamba za boti. Nilianza chini kabisa, nikioshea wengine sitaha, nikipokea amri ambazo ningeweza kuzitoa mwenyewe. Miezi kumi na minane ilipotimia, mwishoni mwa 1993, nilirudi Kigali, na ofisa yule yule akanigongea muhuri leseni yangu.

Nilitembea mjini na bahasha mkononi, nikitafuta wa kumwonyesha. Mwishowe nilikwenda Kabeza. Mama mshonaji alifuta mikono, akaivaa miwani yake, akasoma jina langu kwa sauti, mara mbili. Kisha akanikaribisha chai.