Pua ya Barthélemy

Kwa miaka ishirini na miwili, mtu wa Bukavu akichemkiwa na gari lake hakuambiwa aende garage hii wala ile. Aliambiwa, "Uliza Papa Pua." Huyo ni Barthélemy, fundi kwenye garage ya Gérard, mtaa wa Kadutu. Wenzake walifungua injini kwanza ndipo wakaanza kufikiri. Yeye alitoa kifuniko cha radiateri, akainama kama anayesalimia mkubwa, akanusa, akachovya kidole na kukilamba, kisha akasema: maji yameingiliwa na moshi, au na mafuta, au ni kutu tu. Hakukosea. Jina likashuka mpaka Kamanyola.

Sasa sikia alichokificha. Miaka miwili iliyopita mafua mabaya yalimlaza wiki tatu, na alipoinuka pua ilikuwa imekufa. Imekufa kabisa! Siku moja maharagi yaliungua sufuriani, jirani akabisha hodi kuuliza kuna nini, na muzee amekaa hatua mbili toka jikoni anafunga viatu vyake kwa raha. Mke wake, Pascaline, alimtazama tu, akaelewa.

"Usiambie mutu, maman," alimwomba. "Batu bakijua, miye nimekwisha."

Maana Papa Pua asiyenusa ni nani tena? Basi akajifunza kudanganya, na haki ya Mungu, uongo ule ulikuwa na akili kuliko ukweli wa wengine. Aliinama vilevile, akavuta hewa kwa kelele, lakini kazi ilifanywa na macho. Injini ikiwaka, alitazama mapovu kwenye mdomo wa radiateri. Mkono wa kushoto ulikuwa chini, umekamata mpira wa juu unaopitisha maji, unasikiliza kama mpira huo unakuwa mgumu kabla ya wakati. Halafu anasimama, anapangusa pua yake, anatoa jibu. Hata hivyo hakukosea.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Pascaline alimnong'oneza binti yao Colette, Colette akamnong'oneza mume wake, na mume wake ni Élie. Élie naye ni fundi palepale kwa Gérard, na aliyemwombea kazi ni huyo huyo baba mkwe. Alikuwa na ordinateri ndogo ya kusoma magonjwa ya gari, na alikuwa na haraka ya maisha. Gérard alikuwa amechoka, anataka kuacha garage mikononi mwa mkubwa mmoja wa mafundi. Ni Barthélemy ama Élie. Atakayekosa ataosha vyuma.

Asubuhi moja akaja Francine, muuza mchele, gari lake linatoa mvuke. Barthélemy akangoja lipoe, akafungua, akajaza maji, akawasha, akainama. Mapovu madogo yalipanda bila kukoma, na mpira ulikuwa mgumu injini ikiwa bado baridi.

"Mama Francine, joint de culasse, ile inafunga kichwa ya injini, imeungua," alisema. "Moto ya injini inaingia mu maji. Usishuke nayo Kamanyola. Kurudi, utapanda mulima ya Ngomo namna gani?"

Élie akachomeka ordinateri yake. "Ni capteur tu, ile inapima moto! Tunabadilisha, tunatoa thermostat, tunafunga ventilateur directe, feni izunguke kila wakati, na anaenda zake leo."

Gérard akawatazama wote wawili. Hapo ndipo Élie alipoleta bakuli.

"Basi papa atusaidie. Hii maji nimeitoa mu radiateri yake. Papa anuse, atuambie."

Kwetu mkwe anamuogopa baba wa mke wake. Hata kucheka ovyo mbele yake ni aibu. Na muzee naye hagombani na mkwe wake mbele ya watu, hata akikanyagwa kidole. Kwa hiyo Barthélemy hakuwaza ubaya. Alipokea bakuli kwa mikono miwili, akainama, akavuta hewa. Mafundi wawili walikuwa wameshajiziba mdomo. Akachovya kidole, akakilamba.

Ulimi wake haukuwa umekufa. Chumvi. Akajua amelamba nini.

"Mikojo!" Élie akapiga kelele. "Mikojo yangu mwenyewe, na hakusikia kitu! Miaka miwili anatudanganya!"

Loo! Garage nzima ikalia kwa kicheko. Mmoja akaanguka juu ya matairi. Gérard mwenyewe aligeuka ukutani, mabega yanatetemeka. Barthélemy aliweka bakuli chini polepole, lisimwagike. Matusi yalimjaa kinywani, lakini aliyekuwa mbele yake ni mkwe, na mkwe hatukanwi. Alimgeukia Francine peke yake.

"Maman, pua imekufa, ni kweli. Lakini mapovu nimeyaona na macho."

"Nenda kanawe mudomo kwanza, papa," Francine alimjibu, naye anacheka. Jioni alishuka Kamanyola na capteur mpya.

Siku ya tatu gari lake lilirudishwa kwa kamba nyuma ya lori. Injini ilichemka katikati ya mlima wa Ngomo, kichwa chake kikapasuka, maji yakaingia tumboni, ikafia hapo. Francine alilia mbele ya kila mtu. "Huyu muzee aliniambia! Aliniambia!"

Barthélemy akangoja. Aliamini kwamba sasa mtu mmoja tu, walau mmoja, atasema pole.

Gérard alijikuna kichwa. "Batu ba siku hizi banapenda machine, Barthélemy. Élie njo mukubwa, ni yeye nimechagua, nimesha kusema. Lakini wewe utamuonyesha ile yako ya mapovu. Kazi isife na wewe."

Akamwonyesha. Angefanyaje? Nyumba ya binti yake inakula kwa mkono wa Élie. "Inama hivi, mukwe. Mukono chini, ukamate mupira. Vuta hewa kwa nguvu, batu banapenda ile. Lakini angalia maji." Élie alijifunza kwa wiki moja. Kidole tu ndicho hakukilamba.

Miezi ikapita. Mafundi walimwita muzee Papa Mikojo, mwanzo kwa kicheko, baadaye kwa mazoea. Juma lililopita alikuja mgeni toka Minova, gari linatoa moshi mweupe, akasimama mlangoni.

"Nimetumwa na batu ba kwetu. Papa Pua iko wapi?"

Barthélemy aliinua kichwa toka kwenye beseni la mafuta ya mazuti, vyuma mkononi, mdomo wazi tayari kujibu.

"Papa Pua njo miye," Élie akasema, akainama juu ya radiateri, akavuta hewa.