Mkono Dirishani

Juzi niliona mafundi wakivunja kaunta ya baa ya zamani karibu na Grande Barrière, kivuko cha mpakani, ili pawe duka la dawa. Saruji ilitoa harufu ya bia iliyochacha, nikakumbuka utoto wangu.

Tuliporudi Gisenyi kutoka Tanzania, nyumba yetu ya kwanza ilikuwa baa iliyofungwa. Nililala palipokuwa na kaunta, nikiamini wanywaji waliokufa hawajaondoka. Alasiri moja, mama akiwa sokoni, dirisha dogo la kuuzia liligongwa. Mkono mkavu, wenye makunyanzi, ukapenya ndani.

“Mama, uniletee urwagwa,” sauti ikasema kutoka nje.

Pombe ya ndizi hatukuwa nayo. Nikausogezea ule mkono kikombe cha maji. Haukukipokea.

“Onja kwanza, we mutoto.”

Niliamini kwamba nikionja tu, nitaondoka na yule mfu. Nikakiangusha kikombe, nikajificha chini ya kitanda mpaka mama aliporudi.

Leo naijua desturi ya huku: anayekupa kinywaji hukionja mbele yako, ili usihofie sumu. Yule alikuwa mzee mwenye kiu tu, mteja wa zamani. Kumbe naye aliona mkono asioujua ukitokea kwenye giza la ndani.