Sekretere Yenye Hailalaka

Bwana yangu anaitwa Vagheni. Kama uko mutu ya Butembo, labda ulishafika kwake: nyumba ndogo ya mabati karibu na soko, imprimante mbili ya kuchapa karatasi, photocopie moja, na karatasi ku mulango: "Patron iko, ita kwa sauti." Miaka makumi mbili anaandikia batu barua ya kuomba kazi, na wenye walipata hiyo kazi unaweza kubahesabu ku vidole. Yeye ni mutu mupole. Mimi njo mwenye hasira ku nyumba. Alinikataza kusema hii habari, mais leo nitaisema, na mutu asinikate maneno.

Kitu alikuwa anaogopa ni moja tu. Papa yake alikufa Beni, na message ilifika ku telefone muchana, mais Vagheni akaiona kiisha siku mbili, ju ilikuwa chini ya message mia tatu: chorale, kamati ya bazazi ya masomo, famille, batu ya quartier benye banatumiana sala na picha ya maua. Akafika, papa iko ndani ya udongo. Akaapa mbele ya kaburi: "Mama, wewe sitakukosa." Mama Kavuo alibaki kule Beni, commune ya Ruwenzori, kwa Débora, dada mudogo ya Vagheni, mwenye anamuita yaya, ni kusema kaka mukubwa. Kuhama akakataa. Vita iko pembeni, ku shamba ya kakao batu hapana enda tena, na yeye anauliza ataenda wapi na magoti yenye inauma. Kutoka kwetu ni masaa mbili, siku barabara iko na huruma.

Donc mwaka huu akasikia habari ya ajenti. Akanieleza ku meza, chakula inapoa. Ni programu ya akili ya mashini: unaiunganisha na WhatsApp yako, inasoma message zote pahali pako, inajibu kwa jina yako, na kama kuna jambo kubwa inakupigia. Mais haiwezi kukaa ndani ya mashini yetu, ju courant, umeme ya hapa, inakuya na kuenda sawa mugeni mwenye hana adabu. Inaomba serveur, ni kusema kompyuta ya kukodi, iko kule Ulaya, hailalaka, haizimikaka.

— Mama Jemima, itakuwa sekretere yangu.

— Papa Jemima, nikamujibu, sekretere ni wewe. Sekretere ya sekretere ulimuona wapi?

Akacheka tu, akaendelea kuchora ku karatasi.

Kulipia serveur kuliomba carte ya banki, na sisi carte tunaionaka ku picha. Yassini, muislamu mwenye magari yake inashuka na kupanda Beni kila siku, akalipa na yake. "Ni ju ya mama," akasema, "hiyo siwezi kukataa."

Kiisha mateso ikaanza. Juma mbili nzima Vagheni alikuwa mbele ya écran nyeusi ya mashini, anaandika mistari yenye sikujua kama ni Kifaransa ao ni laana. Namba ya serveur aliandika mu kayé ya hesabu ya Jemima, mutoto yetu, mwalimu akauliza ni zoezi gani hii. Siku moja ajenti ikaamuka, ikasalimia, tukapiga makofi. Akafunga mashini, ikakufa. Akarudilia, ikakufa tena. Kumbe ilikuwa inashikilia mashini yetu, na ilipaswa kutembea peke yake kule kule Ulaya! Akatafuta, akapata. Mardi moja telefone ikalia: "Habari Vagheni. Niko tayari." Mutu ya miaka makumi ine na saba akaruka sawa mutoto. Sitakudanganya, na mimi nilifurahi.

Sasa sikiliza muzuri, ju hapa njo tulikosea. Ajenti inaomba amri. Vagheni akaandika, akanisomea: "Jibu batu yote kwa jina yangu, kwa upole. Ukiona kifo, kilio, ajali, shambulio, nipigie mupaka niitike. Ugonjwa kidogo, malariya, kichwa, uchovu: jibu wewe, utaniambia samedi." Nikasema ni muzuri. Mimi, muzaliwa wa hapa, mwenye niliitwa ku kilio mara mingi kupita ku ndoa, nikasema ni muzuri! Malariya kwetu iko kila siku, nani atafunga bureau ju yake? Kiisha akazima sauti ya telefone, akabakisha ile ya ajenti peke. Ile juma alilala muzuri, hata kukoroma alikoroma.

Majuma tatu ikapita. Mercredi moja, Débora alipiga mara mbili, telefone haikulia. Vagheni akaona magaribi kama alipigiwa, akaulizia ajenti: Beni kuna nini? Ikajibu: "Mama anaugua kidogo. Débora anaomba umtembelee. Nimeshamjibu." Akapigia Débora, réseau ya Beni ilikuwa imekatika, na kesho yake vilevile. Bureau ilijaa banafunzi benye banatafuta karatasi ya examen. "Tutaenda samedi," akaniambia. Nikaenda soko, nikatafuta viazi ya kule Masereka yenye mama alikuwa anapenda, na maziwa, ju mugonjwa anaombaka kitu laini.

Samedi asubuhi, siku tatu kiisha ile mercredi, alikuwa anafunga mufuko. Akanipatia telefone: "Angalia kama Débora aliandika dawa gani, tuinunue huku." Nikapandisha, nikapata message yenyewe: "Yaya, mama anagonjwa kidogo. Kuya leo, kuya na bibi yako na batoto. Musichelewe."

Nikakaa ku kitanda. Kwetu mutu hapana andika kifo. Hauwezi kumutupia mutu maiti ku telefone, pengine iko peke yake, pengine iko ku barabara. Unamwambia anagonjwa kidogo, kuya na bibi yako, na yeye anajua, anavaa, anakuya, batu banamupokea mikononi. Mutoto ya miaka kumi anajua hiyo! Kama Vagheni angesoma ile mistari na macho yake, angekuwa ku pikipiki kiisha dakika tano. Na chini, kwa jina ya bwana yangu, jibu: "Pole sana, dada. Mpe maji mengi, apumzike. Wiki hii nina kazi nyingi, nitakuja Jumamosi. Mungu amponye."

— Dawa gani? akauliza.

Nikatoa maziwa mu mufuko, nikatia koti yake nyeusi. Akaangalia koti, akaniangalia, akakaa chini ku cement.

Gari ya Yassini njo ilitushusha. Ku barrière askari akauliza tunaenda wapi, Yassini akajibu pahali petu: "Ku kilio."

Mu parcelle ya Débora, bâche ya kukinga batu ya kilio na jua ilikuwa imeshatolewa. Balishamuzika mama vendredi, jana yake. Balingoja siku mbili, na joto ya Beni hapana ngoja mutu. Débora alikuwa peke yake ku jiko. Hakusimama.

— Yaya, nilikuandikia. Ulisema apewe maji.

— Haikuwa mimi, Débora. Ni ajenti.

— Ajenti nani?

— Mashini. Niliiweka ijibu pahali pangu.

Akaanza kueleza serveur, amri, samedi. Eh Mungu, bwana yangu! Kila neno ilikuwa inamuzamisha. Nilitaka kupaaza sauti kwamba ile amri niliikubali na mimi, mais hasira yangu yenye ninajisifiaka ilinikimbia siku ile.

— Na zile zingine? Débora akauliza polepole.

— Zingine gani?

— Mama alikuwa ananiandikisha kila magaribi. "Uliza Vagheni kama alikula. Uliza kama batoto banakohoa." Na ulikuwa unajibu palepale, na Kiswahili ya muzuri sawa ya radio. Alikuwa anaambia majirani bote: mutoto yangu alibadilika, sasa ananiongelesha kila siku.

Vagheni akatoa telefone. Hakuwa amesoma hata moja. Haikuwa kifo, haikuwa ajali. Akasoma kwa kusimama. Ya mwisho ilikuwa ya mardi, siku moja mbele ya ile mercredi: "Mama anasema kifua inamukaza kidogo, anauliza utakuya lini." Jibu: "Hivi karibuni, mama. Nakupenda. Lala salama."

— Mimi sikumwambiaka hiyo neno hata siku moja, Vagheni akasema. Alilia kwa sauti, sikujua nimushike wapi.

Débora akamungoja amalize.

— Usirudilie kusema ni mashini, yaya. Mama alienda anajua ni wewe. Unataka kumunyang'anya na hiyo?

Mujomba yao, muzee Kasika, akaingia na batu ya famille nyuma yake. Hakusalimia.

— Vagheni, njo wewe uliandika mama yako apewe maji?

Bwana yangu akamuangalia Débora. Akafunga telefone.

— Ndiyo, mujomba. Ni mimi.