Mfalme wa Mama Epifania

Nestory hakuwahi kupigana vita yoyote. Afadhali lisemwe mapema, kwa sababu aliyepita mbele ya meza yake ya makoti pale sokoni Sumbawanga, akaliona lile blanketi jekundu lililojaa nishani, alidhani amekutana na jemadari mstaafu. Ukweli ni kwamba vita ya Uganda ilipoanza alikuwa mgambo, akapelekwa na wenzake hadi Tabora, na hapo Tabora tumbo likamgeuka. Alipotoka wodini vita ilikuwa imekwisha, watu wanarudi wakiimba. Shemeji yake Yonas alirudi amepungukiwa vidole viwili na kijiji kizima kikatoka kumpokea. Nestory alirudi na vidole vyote, na hakuna aliyemuuliza habari za safari.

Ndipo akaanza kukusanya nishani za wenzake.

Enzi za ruksa zilimfaa sana. Mitumba iliporuhusiwa, mabelo ya makoti yalianza kupanda Ufipa, na kwa baridi ya kule koti halihitaji kupigiwa debe. Sasa hao Wazungu nao wana mambo. Mtu anakufa, watoto wake wanafungasha makoti bila hata kumkagua marehemu kifua. Wauzaji wengine wakifungua belo walipapasa mifuko. Nestory alipapasa kifua kwanza. Hivyo alipata nishani za kupiga tarumbeta, za kulenga shabaha na za kuchangia damu. Moja ilikuwa na picha ya fahali, akaitambua kuwa ni ya maonyesho ya mifugo, na akamweleza hivyo mteja aliyekuwa analijaribu koti lenyewe, Nyanda, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani. Alitegemea Nyanda ataidharau aiache.

"Sasa hiyo ndiyo ya maana," alisema Nyanda. "Za kuua watu mimi nizifanyie nini?"

Akaondoka nayo kifuani, na kuna mgambo mmoja wa soko aliyekuwa akimpigia saluti kila mnada.

Utaalamu wenyewe Nestory alifundishwa na mzee Kasmir wa Milanzi, ambaye Mwingereza alimwingiza jeshi la Keya na kumpeleka Burma akapigane na Wajapani. Mzee alikuwa anafumba macho na kupapasa. Yenye ncha sita ni nyota, angalia utepe wake ujue ni ya Burma au ya Afrika. Ya duara yenye kichwa kitupu ni ya ulinzi. Ya duara yenye kichwa cha taji, na nyuma yake simba kamkanyaga joka, hiyo alipewa kila mtu, hata mpishi, hata aliyeshinda kalala. Kasmir alipofariki alimwachia Nestory nyota zake. Ile ya duara yenye taji alikuwa ameshaibadilisha kwa debe la pombe, zamani hizo.

Kwa hiyo blanketi likawa na nyota za kila namna, likakosa ile moja waliyopewa hata wapishi. Nestory aliitafuta mpaka Kaoze. Akaambiwa huyu alizikwa nayo, yule aliigeuza kidani, na mwingine mtoto wake aliimeza na haikuonekana tena, ingawa walisubiri. Nafasi yake aliiacha wazi katikati ya blanketi.

"Wenzako wanapanga walichonacho," Mahmud, mwenye duka lililokuwa nyuma ya meza hiyo, alikuwa akimtania. "Wewe unapanga ambacho huna."

Mtu ambaye hakutaniana na Nestory hata kidogo ni mama mkwe wake, Mama Epifania wa Laela. Hakumpenda. Kwanza alivalisha watu makoti ya wafu. Pili hakuonekana kanisani tangu siku ya ndoa yake. Wakwe wengine wa nyumba ile waliitwa kwa majina ya watoto wao kwa heshima zote, lakini Nestory, mwenye binti mzuri Jenifer, hakuwahi kuitwa baba Jenifer. Mama Epifania alimwambia binti yake Hellena, "Mwambie huyo mume wako asogeze kiti," na huyo mume amekaa hapohapo anasikia.

Basi mwaka mmoja, Novemba, ujumbe ukaja kutoka Laela: huyo mume wako aje. Nestory alishangaa mpaka akabadili shati. Akadandia gari la Mahmud lililokuwa likienda kununua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenawa mikono?"

Alinawa. Mama Epifania akampeleka mpaka kwenye ukuta wa sebule. Juu palikuwa na msalaba, chini yake Bikira Maria, na chini ya Bikira, kwenye uzi uliokaribia kukatika, ilining'inia medali ya duara. Alieleza kwamba sikukuu ya Kristu Mfalme imekaribia, na padri mpya ametaka kila jumuiya ije na bendera yake. Ya kwao itashonewa huyo Kristu Mfalme wake wa ukutani katikati, padri ambariki mbele ya parokia nzima.

"Nasikia wewe unajua tepe," alisema. "Mtafutie ulio mzuri."

Nestory akaipokea. Kichwa chenye taji. Akaigeuza. Simba kamkanyaga joka. Ndiyo ile ile aliyoitafuta mpaka Kaoze. Pua ya mfalme ilikuwa imelika kabisa kwa kubusiwa.

"Marehemu Sebastiani alitoka nayo Burma," Mama Epifania aliendelea, akimtaja mumewe. "Akaitupia kwenye kapu la mbegu. Mimi ndiye niliyeiona. Taji kichwani, maandishi ya Kilatini kama misa ya zamani, na nyuma Simba wa Yuda anamponda Shetani. Nikamwambia, wewe mtu, Bwana wako unamweka na maharage? Tangu siku hiyo yuko hapo. Yonas alipochukuliwa kwenda Uganda sikuondoka kwenye ukuta huu, magoti yangu unayaona. Na Yonas alirudi."

Nestory, ambaye kwa habari za nishani hakujua kufunga mdomo, siku hiyo aliufunga. Alisema tu kwamba utepe wa kufaa uko mjini, itabidi aichukue. Mama Epifania alisita, kisha akaifunga kwenye kitambaa cheupe, akampa kwa mikono miwili.

Nyumbani aliijaribisha kwenye ile nafasi ya wazi, ikakaa sawasawa. Hellena akasimama nyuma yake.

"Hiyo si ya mama?"

Nestory akamweleza. Kwamba huyu ni Joji, mfalme wa Waingereza, na jina lake limeandikwa ukingoni kwa hicho hicho Kilatini. Kwamba mama yake amempigia magoti Mwingereza tangu ujana wake. Hellena alicheka mpaka akakaa chini, kisha kicheko kikakatika ghafla.

"Ukimwambia utamuua."

"Nisipomwambia, padri atamsoma Joji mbele ya parokia nzima. Padri anajua Kilatini."

Wote wawili walimtazama Joji. Ndipo Nestory akapata akili ambayo wakati ule ilionekana nzuri. Dukani kwa masista kulikuwa na medali za Kristu Mfalme, za duara, ukubwa karibu uleule. Angemshonea mama hiyo. Alijiambia kwamba anamwepusha mama mkwe na aibu, na ilikuwa kweli. Kwamba na nafasi ya kwenye blanketi ingekuwa imejaa, hilo alilihesabu kuwa neema ya ziada. Akainunua, akaifukizia moshi, akaipaka majivu, halafu akachukua msasa akamsugua Kristu pua. Hapo hata yeye asiyekwenda misa aliutazama mlango kama kuna anayemwona, kisha akaendelea kusugua.

Jumamosi kabla ya sikukuu walishuka Laela yeye na Hellena. Mama Epifania akaipokea medali na utepe wake wa rangi ya dhahabu, akafumba macho, akaipima kiganjani. Hivyo hivyo ndivyo mzee Kasmir alivyokuwa akifanya, na Nestory alipoona hivyo alijua amekwisha.

"Huyu si wangu."

"Mama, nimemsafisha tu, ndiyo maana—"

"Wangu ni mzito. Huyu ni bati." Akafumbua macho. "Wewe mtu, umemuuza Bwana Yesu?"

Hellena akaanza kuwatazama kuku uani kwa makini kana kwamba alitumwa kuwahesabu. Nestory akaingiza mkono mfukoni. Alikuwa nayo, kwa sababu tangu aipate hakuweza kuiacha mbali naye hata akienda kuoga. Akaiweka mezani, na kwa kuwa hapakubaki uongo wa kutosha, akasema kweli. Alianza kwa kusitasita. Lakini ubaya wa mtaalamu ni kwamba akishaanza hashikiki. Alipofika kwenye tofauti ya kichwa cha taji na kichwa kitupu sauti ilikuwa imepanda, vidole vinaonyesha, na akajikuta anasema hii walipewa wote, mama, hata mpishi, hata aliyeshinda kalala. Ndipo akaona uso wa mama mkwe wake, akanyamaza.

Mama Epifania alikaa kwenye kiti taratibu.

"Siku nilipomtundika, Sebastiani alicheka," alisema. "Nikamwambia acha kufuru. Hakucheka tena mpaka anaingia kaburini."

Kumbe marehemu alijua. Mwanamume aliyewakabili Wajapani porini alishindwa kumkabili mkewe sebuleni, akaishi miaka yote hiyo akipiga magoti kila jioni mbele ya bosi wake wa zamani.

"Basi," Mama Epifania aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "aliyemrudisha Yonas ni nani?"

 Nestory aliona aibu kubwa kuliko ile ya Tabora. Alitamani angekuwa amewahi kumwomba mtu yeyote kitu chochote, angalau ajue aseme nini.

Mama Epifania akaichukua medali, akaigeuzageuza.

"Huyu Joji yuko hai?"

"Alishakufa, mama. Zamani, kabla ya uhuru."

"Alikuwa Mkatoliki?"

"Sidhani."

"Masikini." Akampangusa uso kwa ncha ya kanga. "Mimi nikamwamsha marehemu wa watu kila jioni. Nikamwomba mvua, nikamwomba mtoto, nikamwomba hata mbuzi wapone. Naye hakuniambia hata siku moja kwamba nimekosea mlango. Ana mtu wa kumwombea huyu?"

Nestory alisema hajui.

Jioni hiyo hiyo Mama Epifania alikwenda parokiani na jogoo kwapani, kutoa nia ya misa. Padri akauliza marehemu huyo Joji ni Joji nani. Akajibiwa kwamba Mungu anamjua. Kesho yake, sikukuu ya Kristu Mfalme, bendera ilipita na yule wa bati wa masista ameshonewa katikati, na aliyeibeba ni Nestory, ndani ya koti la mtumba, jasho linamtoka. Mama mkwe ndiye aliyeamuru. Aliyemsugua Bwana pua, alisema, ndiye atakayembeba. Kisha padri akasoma nia za misa, akawataja marehemu wa Laela mmoja mmoja, akamalizia, "na marehemu Joji, anayeombewa na Epifania."

Watu waligeuka. Mwanamke wa benchi la mbele aliegemea nyuma na kunong'ona, "Joji ndiye nani?"

"Mtu wa Sebastiani," Mama Epifania alimjibu. "Walikuwa wote vita ya Burma."

Wakasali. Nestory naye alisali, bila kujua vizuri anaanzia wapi.

Baada ya chakula alijikaza, akasogeza kiti karibu na mama mkwe wake. Medali ilikuwa mezani kati yao. Alisema kwa upole kwamba sasa, mama, kwa vile imejulikana si Kristu, na kwa vile kuna blanketi mjini ambalo lina nafasi yake tayari.

"Ufalme umeshamvua," Mama Epifania alisema. "Na nyumbani nako unataka umfukuze?"

Akainuka, akaangalia ukuta. Pale pa zamani, chini ya Bikira, hapakumfaa tena. Akaonyesha upande wa dirisha, kando ya picha ya Sebastiani aliyevaa kofia ya Keya.

"Pigilia msumari hapo, wakae wote," alisema. "Nyundo iko chini ya kitanda, baba Jenifer."