Ghasuli kwenye kinu cha mawe

Kinu cha umeme kinanguruma mpaka meza inatetemeka. Itto Ougrour, mwenye umri wa miaka 41, anakizima, anamwaga unga wote wa mawe, anakisugua kwa mchanga mweupe, kisha anaanza upya.

"Dada, utakitoboa hicho," anamtania Idder, mwanajiolojia anayefanya naye kazi katika maabara hii ya Marakesh.

"Kitoboke tu. Bora kisitobolewe kisima cha kwetu bure."

Kwao ni Tizwit, milimani, ambako wanawake hufuata maji kwa punda hadi bonde la pili. Mtambo wa kuchimba kisima umefika kwenye mwamba wa tope jekundu. Taabu ni kwamba matabaka ya mwamba huo ni mawili, na kwa macho yanafanana kabisa. La juu lina magnesi nyingi, la chini lina potasiamu. Mchanga wenye maji hulala katikati. Mtambo ukiwa katika la juu, maji yako chini zaidi. Ukiwa katika la chini, basi la juu na mchanga wake vilishamomonyoka, hapo hakuna cha kutafuta tena.

Majibu ya kwanza ya vipande vya mwamba vilivyotoka kisimani yalionyesha magnesi tele. Tizwit wakapigiwa simu, vigelegele vikapigwa. Ndipo Itto alipokumbuka kwamba wiki hiyo alisagia katika kinu hicho ghasuli, udongo wa kuoshea nywele, kwa ajili ya harusi ya binti wa dada yake. Wanawake wa maabara hufanya hivyo, maana kinu cha mawe huulainisha kuliko ule wa sokoni. Na ghasuli imejaa magnesi.

"Ningeweza kunyamaza," anasema. "Wangechimba, wangekosa, wangesema Mungu hakupenda."

Adhuhuri majibu mapya yanatoka. Ni potasiamu. Itto anakaa chini na kulia waziwazi, na ni vigumu kutomwonea fahari.

Lakini mawe aliyookota kando ya uwanja wa kupuria nafaka wa mama yake, chini ya kijiji, nayo yamesagwa leo kwa kinu safi, na yana magnesi. Pale ardhi ilididimia zamani sana, kwa hiyo tabaka la juu bado lipo, na huenda mchanga wenye maji uko chini yake. Idder anasema fedha zilizobaki zinatosha kuuhamisha mtambo, ila uwanja utaharibika.

Itto anampigia simu mama yake, Bi Tuda, na kumweleza kosa lake.

"Yaani mmetupigisha vigelegele kwa udongo wa nywele?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Haya, na nywele zenyewe zilitakata?"

"Zilitakata."

Kisha anamweleza habari ya uwanja, ambao marehemu baba yake Itto aliutandika jiwe kwa jiwe.

"Waambie waje," anasema Bi Tuda. "Shayiri nitapuria darini."