Chewa Aliyeelekezwa Jikoni

Jioni ile ya kuamkia mwaka mpya wa Kichina tulikuwa hawa: madam mwenye nyumba, kule mtaa wa Marina, nchi ya Waarabu; mumewe, tunayemwita sir, mwenye ghala la mizigo Freezone ya uwanja wa ndege, kusikotozwa ushuru; mama mzazi wa madam, kaletwa kutoka kwao kwa viza ya kutembelea; wateja wa sir, Wachina wenzao, mkubwa wao mzee mmoja mnene; binti yangu wa kumzaa, ndiye mpishi wa nyumba ile; na mimi, niliyetoka mtaani kwangu Mankhool kwenda kumsaidia kuosha vyombo. Majina yao yote ninayo, hata la yule mnene. Siyaandiki, na wala si kwa heshima.

Hiyo ndiyo jioni yao ya kukusanyika. Binti yangu aliniambia hata Mchina aliyeko mwisho wa dunia hujitahidi ale chakula kile na wazazi wake. Madam naye alijitahidi. Alitundika taa za karatasi nyekundu mpaka chooni, akapanga machenza kama anayauza, akavaa gauni jekundu la kumbana hata kukaa hawezi vizuri. Kisha meza ikajaa wateja, na mama yake akawekewa stuli jikoni, baina ya friji na ndoo yangu.

“Madam, na bibi je?” binti yangu aliuliza.

“Mama hapendi makelele. Yalla, haya, peleka supu.”

Hapendi makelele. Bibi wa watu kajipaka poda, kavaa koti la hariri, tangu alasiri anautazama mlango. Kila sir akicheka kule, cheko lile la kuuzia mzigo, yeye anaitengeneza kola akidhani anaitwa. Madam akaja, akachungulia sufuria, akatoka bila kumtazama mama yake. Watu wa namna hii hata kwetu wapo: siku ya Idi mtu anachinja ng'ombe watu waone, mama yake anakula ukoko.

Ikafika zamu ya samaki, chewa mzima wa mvuke. Kwao kichwa huelekezwa kwa mkubwa wa watu, naye ndiye huanza kula. Sahani ikishatua haizungushwi. Madam alishaagiza kichwa kimwelekee yule mnene. Bibi akainuka, akaichukua sahani mikononi mwa binti yangu, akaipeleka mwenyewe. Akaitua, kichwa kinatazama jikoni. Akarudi kukaa.

Mezani vijiti vya kulia vikashushwa. Sir akacheka peke yake, akanyoosha mkono aizungushe sahani. Yule mnene akaizuia kwa vidole viwili, akasema neno. Binti yangu, anayekisikia Kichina chao, akaninong'oneza, “Anauliza, jikoni kuna nani?”

Madam akaja mbio na gauni lake, akamsemesha mama yake kwa sauti tamu ambayo sikupata kuisikia mle ndani. Bibi akamwacha aseme. Akaliashiria bakuli langu la wali, nikamgawia. Tukala, mimi kwa mkono, yeye kwa vijiti, taratibu, na kule mezani samaki anapoa, hakuna wa kumgusa. Alipomaliza akajifuta mdomo, akatoka, akakaa kwenye kiti cha binti yake, akaanza yeye kumla samaki.

Viti havikutosha. Madam alimaliza karamu yake amesimama, na sikumwonea huruma hata chembe.

Aliyekuwepo akiona nimekosea, pengine nani alikaa wapi au kama samaki hakuwa chewa, anisahihishe. Madam tu asijisumbue.