Ghala Ambalo Halikuwa Langu

Nikiurudia ujana wangu, mwanangu, kuna siku moja hunijia kabla ya nyingine zote. Ilikuwa Jumamosi, jua la saa nne, nami nilikuwa nimesimama katika boma la mama yangu kule Muthetheni, shoka mkononi, nikivunja ghala lake la mahindi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, jambo ambalo wakati ule halikuwa dogo, na nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja huko Athi River. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mama alibaki bomani pamoja na dada yangu Ndinda na watoto wawili wa Ndinda, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi. Majirani ndio walioijenga, kwa mwethya, ule ushirika wetu Wakamba ambapo watu huacha mashamba yao siku moja wakaja kukujengea, nawe kesho ukaenda kwa mwingine. Mimi niliapa kwamba mama yangu hatazeekea chini ya nyasi. Nikamjengea nyumba ya mawe, vyumba vinne, sakafu ya simiti, madirisha ya vioo, na paa la mabati lililoonekana kutoka kilima cha ng'ambo. Hilo silijutii hata leo. Mwana akimjengea mama yake hajakosea.

Nilikosea kwenye ghala.

Sisi huliita ikumbi. Lilikuwa kama kikapu kikubwa kuliko mtu, limesukwa kwa fito, limeinuliwa juu ya miti na mawe ili panya na unyevu visilifikie, na juu yake limevalishwa kofia ya nyasi. Lilisimama mbele kabisa, karibu na lango, mahali upepo unapopita. Na ghala kwetu ni la mwanamke. Baba yangu alikuwa mkali, ng'ombe walimwogopa, lakini sikumwona hata mara moja akiifunua ile kofia bila kumwomba mama.

Basi wiki iliyofuata padri alikuwa aje kuibariki nyumba, na wenzangu wa kazini walikuwa wameahidi kufika. Nilipoyatazama mabati yangu mapya yakimeta, halafu nikaliona lile kapu limeinama mbele yake kama bibi kizee mlangoni, niliona aibu. Niliwaza watakavyocheka wale wa Athi River. Nikasema, hapa ndipo tutakapoweka viti vya wageni.

Mama alitoka jikoni akanikuta nimekwisha kuyatoa mahindi ya mwaka ule, ambayo hayakuwa yamekauka sawasawa, na kuyajaza katika magunia ya nailoni niliyoyaleta kutoka kazini. Hakupaza sauti. Alisimama akajifuta mikono kwa leso, akaniambia, "Nyumba yako ni nzuri, Kyalo. Lakini mahindi hayataki nyumba nzuri. Yanataka upepo."

Nilicheka. Nilimjibu, "Mwaitu, mimi kazi yangu ni kuweka vitu. Huko kazini tunaweka vya thamani kuliko mahindi, ndani ya chumba cha mawe kama hivi vyako vipya, na haviharibiki."

Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa heshima, na nililitumia neno hilo la heshima kumdharau. Tena nilichosema kilikuwa nusu ya ukweli. Katika stoo yangu tuliweka misumari, rangi na nyaya. Msumari haupumui, mwanangu. Sikujua kwamba mahindi yanapumua, na sikuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini mtu aliyesoma kidogo huona kuuliza ni kujivua nguo.

Mama alikwenda zake kuita kuku.

Jirani yetu mzee Nzioka, fundi wa fito aliyekuwa amelisuka lile ghala siku ya mwethya, alikuwa akipita na mbuzi wake. Akasimama langoni akaniuliza, "Kyalo, hilo ghala limekukosea nini?"

Nikamwambia limezeeka.

"Hata mimi nimezeeka," akasema. "Nisimame mbali na hilo shoka?"

Nilicheka tena. Yeye alicheka pia, ila aliwapitisha mbuzi wake upande wa pili wa njia, na hakuja siku ya sherehe.

Sherehe ilifana. Padri alinyunyiza maji ya baraka kila chumba, hata kile cha nyuma ambako magunia yalikuwa yamepangwa moja juu ya jingine, sakafuni, yakiegemea ukuta, na dirisha limefungwa kwa kuogopa wezi. Wenzangu walinisifu. Nilirudi kazini kifua mbele. Halafu mvua za Machi zikaja, na mwaka ule hazikuwa za kuchezea.

Nilikuja nyumbani mwisho wa mwezi wa nne, nikasikia harufu katika kile chumba, kama ya nguo iliyolala mbichi. Nilimuuliza mama. Akasema ni simiti mpya, itaisha. Nilitaka kuamini, basi niliamini. Nilikula isyo, mahindi na maharagwe kama tupikavyo sisi, niliyopakuliwa, yakawa matamu, nikaondoka.

Wiki tatu baadaye Ndinda alinitumia ujumbe niende upesi. Nilimkuta mama hospitalini, mjini Machakos. Macho yake yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai, tumbo limevimba, na mikono iliyokuwa ikitwanga muthokoi, mahindi ya kukobolewa kinuni, tangu sijajua kutembea ilikuwa imelala juu ya blanketi kama si yake. Daktari, kijana mpole, alituita kando akatuuliza amekuwa akila nini. Nikamjibu kwa kiburi kidogo kwamba mama yangu hali chochote kibaya, anakula mahindi ya shamba lake mwenyewe.

Ndinda aliniangalia, akaanza kulia, ndipo nilipojua.

Alimweleza daktari kwamba tangu mvua zianze mahindi yalikuwa yakitoka kwenye magunia yana rangi ya kijani na weusi. Kila asubuhi mama aliketi na ungo akayachambua punje kwa punje. Yale mazuri aliyatia katika chungu cha watoto. Yale mabovu aliyaosha, akayapika peke yake katika sufuria ndogo, akayala yeye. Ndinda alipomkataza, alimwambia chakula hakitupwi, na kwamba Kyalo akijua atavunjika moyo, kwa maana ameijenga nyumba kwa jasho lake. Siku niliyokuja mimi, nilipakuliwa kutoka chungu cha watoto.

Daktari akasema ukungu ule una sumu, na sumu hiyo hula ini. Hakuahidi kitu. Tulikaa siku kumi na moja bila kujua kama tutarudi naye nyumbani akitembea ama amelala.

Siku ya sita hivi aliweza kuzungumza. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba msamaha, lakini yaliyonitoka yalikuwa lawama. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Nilikuambia, Kyalo. Nilikuambia mara moja. Mtoto niliyemsomesha, nilidhani mara moja inamtosha."

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama yangu alichelea nisilie, akala sumu. Nami nimeishi na sentensi yake ile miaka mingi, na sijaizoea.

Alipona, namshukuru Mungu. Alirudi nyumbani akitembea kwa fimbo. Lakini jembe hakulishika tena, wala mchi. Mahindi yote tuliyateketeza nyuma ya nyumba, gunia baada ya gunia, kwa amri ya bwana afya, na boma likabaki halina punje hadi mavuno mengine. Mshahara wangu ungeweza kununua chakula, nami nilikuwa nimejiandaa kununua. Sikupata nafasi. Jioni ya kwanza mke wa Nzioka aliingia na kiondo cha mahindi mgongoni, akakimimina, akauliza hali ya mgonjwa, akaenda. Kesho yake akaja mwingine. Wote waliyatoa katika maghala yao, yale yale ya fito niliyokuwa nikiyaonea aibu. Hakuna aliyenilaumu hata mmoja. Heri wangenilaumu.

Nilikwenda kwa Nzioka nikamwomba anijengee ghala. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, hakuinua kichwa.

"Karani wa stoo ananiuliza mimi habari ya stoo?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee. Nakuuliza."

Ndipo akaniangalia. Akaniambia kwamba hatanijengea. Atanionyesha, nami nitasuka kwa mikono yangu. Tena kabla sijakata fito hata moja, niende nikamwombe mwenyewe, mama yangu, anionyeshe mahali. "Mara ya kwanza," akasema, "hukuuliza ni la nani."

Basi nilirudi nikapiga goti mbele ya mama, mwanamume mzima, nikamuuliza ghala lake analitaka wapi. Alikuwa amekaa kwenye kiti nje, amejifunika shuka kwenye jua. Nilitarajia atasema nyuma ya nyumba, ili asiniharibie sura ya boma. Akanyoosha fimbo yake kwenye lango, pale pale. Majirani waliitana, wakaja kwa mwethya bila mimi kustahili, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa. Vidole vyangu vilichubuka vikavuja damu, na wanawake walinitania siku nzima kwamba ninasuka kama mtu anayeandika barua. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Aliishi miaka minne mingine, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyelifunua lile ghala bila kumwomba.

Nimekuandikia haya leo, mwanangu, kwa sababu ya mjukuu wangu Mwende. Anasomea ujenzi katika chuo cha ufundi, na majuzi mwalimu wao aliwapa kazi ya kutazama makao ya watu mbalimbali, ya zamani na ya sasa. Akaja na simu yake akaketi karibu nami. "Umau," akaniita, ndiyo babu kwa Kikamba, "hebu angalia hizi nyumba. Si kama za kwetu?"

Zilikuwa nyumba za watu wanaoitwa Wamaya, ng'ambo ya bahari, huko Meksiko na Guatemala. Nikavaa miwani. Ukuta wa miti iliyosimamishwa na kukandikwa udongo, pembe zilizoviringwa, paa la majani, na ndani mafiga matatu. Kama angeniambia ni Kithyoko, huku huku kwetu, ningemuuliza ni kwa nani. Mwende akanieleza kwamba mababu zao walijenga pia mahekalu makubwa ya mawe na viwanja vya watu kukusanyikia, ambavyo watalii huenda kuvipiga picha. Nikamuuliza nani anaishi humo sasa. Akasema hakuna, ni magofu, mengine yalimezwa na msitu. Lakini zile nyumba za majani bado zipo. Wengi siku hizi wamejenga nyumba ya mawe upande wa barabara, kama mimi, na ile ya zamani wameiacha nyuma yake, wanapika humo, ama wanalala humo wakati wa joto.

Nilimrudishia simu nikavua miwani. Niliwaza juu ya watu wale nisiowajua. Kazi ya mawe ilikoma, na kibanda cha miti bado kinajengwa, kwa kuwa kila kizazi kuna mtu anamwonyesha mwingine namna ya kufunga paa. Na waliojenga jengo jipya hawakuona haja ya kulibomoa la zamani kabla ya kujua lilikuwa linafanya nini. Hawakunihitaji mimi kuwaambia. Mimi ndiye niliyewahitaji, nao walikuwa mbali.

Sasa nikuambie lililo moyoni. Sikusihi urudi kwenye nyasi. Mimi mwenyewe nalala chini ya mabati, naona kwa stima, na siku hizi kuna mifuko maalumu na mapipa ya bati ya kuhifadhia nafaka, ambayo ni mazuri kwa anayekausha mahindi yake vizuri kwanza. Jenga kwa mawe, jenga ghorofa ukijaliwa. Na siku moja utavunja, kwa sababu kila anayejenga huvunja. Ninachokuomba ni kwamba kabla hujainua shoka, uketi na aliyekaa humo kabla yako umuulize: hiki kiliwekwa hapa kwa nini? Akikujibu kwa upole, usidhani hana hakika. Wazee wetu huonya kwa sauti ndogo, na wakiona hukusikia, wengi hawarudii. Wanabeba mzigo wenyewe. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na ujue pia kitu hicho ni cha nani. Ukimjengea mtu nyumba, humnunui pamoja nayo. Zaidi ya yote, ukikosea, nenda kwa yule yule uliyemcheka, uombe akufundishe. Inauma siku moja tu.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie kujenga, na akujalie majirani wa kuja bila kuitwa mara mbili. Mama yako ale kwako akiwa hana hofu, acheke mbele ya watoto wako, na akuite kwa jina lako hadi uzeeni. Amina.